Usiwaambie Tuko Malinya

Mwaka wa 1976 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na huo ndio mwaka shida ilipoingia kwetu ikakaa. Baba alivaa koti lake, akaenda Nairobi kutafuta kazi. Kazi ilimpata. Sisi hatukumpata tena. Kwa miaka tisa tulimwona mara mbili, zote mbili kwenye mazishi, na aliporudi kabisa alirudi na sanduku la mbao na kikohozi. Alikuwa bawabu. Mtu aliyejua kulima, kujenga nyumba na kuzalisha ng'ombe alikaa miaka tisa akifungulia gari geti la mtu mwingine, kwa sababu geti lilikuwa Nairobi na mshahara ulitolewa hapo getini.

Sijaandika haya ili nihurumiwe. Nimeandika kwa sababu kuna watu wanasemanga kijana wa mashambani asiye na kazi ni mvivu. Hao wanaosema wana kazi, na kazi yenyewe iko dakika kumi kutoka kitandani mwao. Wangezaliwa huku kwetu Malinya, Ikolomani, upande wa Kakamega, ningewaona.

Niliacha shule darasa la nne. Najua kusoma, kuandika na kujumlisha, na hayo yamenifikisha hapa nilipo. Anayecheka mwandiko wangu acheke akiwa amekaa kwenye kiti cha kampuni. Kiti changu mimi nilikinunua.

Baba alipoondoka nilianza kuponda mawe. Malinya kuna dhahabu, si nyingi ya kumtajirisha mtu, ila inatosha kumfanya asiondoke. Wanaume wanaingia shimoni, wanawake na watoto wanaponda, halafu mchanga unaoshwa kwenye karai mpaka kibaki kitu kidogo kama unga wa njano. Mnunuzi alikuwa anakuja na pikipiki na mizani ndogo ya kuweka kiganjani. Ukimuuliza mbona bei imeshuka, anakujibu, "Hiyo ni ya Nairobi, si yangu." Basi jasho ni la Malinya, shimo ni la Malinya, anayefukiwa ni wa Malinya, lakini bei inakaa Nairobi. Hata kujua kama dhahabu yako ni safi ilibidi ipelekwe huko ikapimwe. Hapa hakukuwa na mtu wa kuipima, na hata leo hakuna.

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilitembea mpaka upande wa miwa, kwenye kiwanda cha sukari kilichokuwa kinaandika watu. Nililala kwa mtu wa kanisa, nikafika kwenye foleni kabla ya wote. Karani hakunitazama mikono. Aliuliza swali moja tu.

"Wewe wa wapi?"

"Ikolomani."

"Kwani kwenu hakuna kazi?"

Foleni yote ikacheka. Nikamwambia, "Ingekuwepo ningekuja hapa kutazama sura yako?" Nikatolewa nje na askari wawili. Walioandikwa siku ile ni waliokuwa na barua ya chifu wa pale pale, hata wengine ambao panga walikuwa wanalishika kama kijiko. Tangu siku ile swali la "wewe wa wapi" nalichukia, na nilijiapiza kwamba yeyote atakayeniuliza nitamjibu kwa sauti, kifua mbele, bila kupunguza neno. Hicho kiapo nilikishika miaka arobaini. Siku moja kilinigharimu, na siku hiyo ndiyo nataka kuieleza.

Nilirudi shimoni. Nikatoka shimoni na ng'ombe mmoja, ng'ombe akazaa, nikauza, nikanunua kisiagi cha dizeli. Watu walikuwa wanabeba mahindi vichwani mpaka mbali kwenda kusagisha. Nikawaletea mashine mlangoni, wakaja. Sikukopeshwa na serikali, sikushikwa mkono na mheshimiwa yeyote. Waheshimiwa wetu nawajua. Wanakujanga kula ingokho, kuku wetu, wanaahidi kiwanda, wanafuta mikono, wanaondoka. Hicho kiwanda nimeahidiwa tangu sina ndevu.

Halafu nikanunua fahali.

Asiye wa kwetu ataona ni mchezo. Sisi fahali wa kupigana hatumfugi kwa maziwa wala kwa kulima. Anakaa peke yake, anakula vizuri kuliko mwenye nyumba, pembe zinachongwa kwa kipande cha chupa, na siku ya kupigana anasindikizwa na wanaume wenye matawi na ngoma za isukuti. Wangu alikuwa mweusi, paji la uso jeupe. Alipigana misimu minne na hakuwahi kugeuza mgongo. Na kuna desturi: mwenye fahali akifa, wenzake wote wanapeleka mafahali wao kwake kupigana, ndiyo kumuaga. Usipopeleka kwa wenzako, na kwako hawataleta. Utazikwa kimya kama mtu aliyepita njia. Mtoto aliyeponda mawe akifika mahali ambapo mafahali watakuja kumlilia, amefika. Nilikuwa nimefika.

Sasa binti yangu.

Ni kitinda mimba, wa tano. Huyu ndiye aliyenishinda kwa kichwa. Alisoma chuo kikuu hapa Kakamega, kemia, akikaa chumba cha kupanga Shirere na wenzake watatu. Alimaliza vizuri. Siku ya kuvaa joho nilivaa suti na kofia yangu ya mafahali, akaona haya kidogo, nikaiona hiyo haya nikainyamazia.

Kisha akarudi nyumbani na karatasi zake, akakaa miaka miwili. Msomi wa kemia Kakamega ana kazi gani? Anaweza kufundisha kibarua akisubiri kuajiriwa, au kuuza dawa ya kupe dukani. Aliuza dawa ya kupe. Kila tangazo la kazi aliyoisomea lilikuwa la Nairobi, na kila barua aliyotuma haikujibiwa. Nikadhani anaandika vibaya. Siku moja nikamwambia anisomee moja, nisikie kosa liko wapi. Akaanza: jina lake, umri wake, "mkazi wa Kawangware, Nairobi".

"Simama hapo," nikasema. "Kawangware umekaa lini?"

"Binamu yuko kule, Baba."

"Sikukuuliza binamu. Nimeuliza wewe."

"Barua zote nilizoandika Malinya hazikujibiwa. Hii nimeandika Kawangware, wamenijibu kwa siku tatu. Karatasi ni zile zile."

"Kwa hiyo umekana kwenu."

"Sijakana. Nimeandika tu wanachotaka."

"Mama," nikamwambia, maana amepewa jina la mama yangu na ndivyo ninavyomwita, "mimi nilifukuzwa kwenye foleni nikitaja kwetu, na sikubadilisha."

Akanitazama. "Na kazi ulipata?"

Mke wangu alikuwa anasonga obusuma, ugali wetu. Akacheka mpaka mwiko ukasimama. Nilitoka nje.

Lakini ile barua ilikuwa kubwa. Ilikuwa kampuni ya kupima madini. Mawe na mchanga vinatoka huku kwetu kwa magunia, vinapelekwa kwenye maabara Nairobi, na watu waliosomea kemia wanasema kuna dhahabu kiasi gani. Ndiyo kazi aliyoisomea, wala si ya kufanana nayo. Walimwambia amebaki miongoni mwa wachache, akae karibu na simu, watampigia ndani ya wiki hiyo.

Jumatano simu yake ikaanguka kwenye maji ya ndama. Akaipeleka kwa fundi mjini, na laini yake akaiweka kwenye kabambe yangu, simu ndogo ya vitufe inayochukua laini mbili. Ijumaa asubuhi alitakiwa kwenda kuchukua simu, na akaniomba aende na kabambe.

Siku hiyo hiyo mzee mmoja mwenye fahali alikuwa amekufa, na tulikuwa tunapeleka mafahali kwake. Wenzangu walikuwa wananipigia tangu alfajiri tupange tukutane wapi. Nikakataa.

"Baba, watapiga leo. Nikitoa laini watanikosa hewani, watampigia mwingine."

"Na mimi ninapigiwa."

"Basi tafadhali. Ukiona namba usiyoijua, usishike. Iache ilie, nitawapigia nikirudi. Na ukishika kwa bahati mbaya, sema nimetoka kidogo. Usiwaambie tuko Malinya."

"Unanifundisha kuongea na simu yangu?"

"Hapana, Baba. Nakuomba."

Akaondoka. Nikamtazama akiteremka njia ya kisiagi, mkoba begani, viatu vya mjini mkononi ili visishike tope. Huyo ndiye niliyemnyima simu. Nilimnyima kwa ajili ya ng'ombe dume. Niandike hivyo hivyo.

Kwa marehemu kulikuwa kumejaa. Fahali wangu akapangwa na wa shemeji yangu, kaka wa mke wangu; sisi tunamwita mulamwa, na mulamwa ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe na huwezi kukasirika. Huyu wangu alitumianga ruhusa yote.

"Huyo wako mbona amenona hivyo?" akapaza sauti watu wasikie. "Ni wa kupigana ama ni wa kupeleka misa?"

"Ngoja uone nani atasomewa misa."

"Dada yangu anakula kweli? Naona chakula chote kinaingia huku!"

Mafahali wakakutana. Sitaeleza sana, anayejua anajua. Wa mulamwa alisukuma vizuri mwanzoni, vumbi likapanda, halafu wangu akaingiza pembe chini ya shingo, akamgeuza, yule akakimbia kuvuka shamba la maharagwe na watu wakamfungulia njia. Isukuti zikalipuka. Wanaume wakanibeba mabegani, matawi juu, na mulamwa akiwa amejishika kichwa.

Hapo ndipo simu ilipolia. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Namba nisiyoijua.

Niliiona vizuri kwamba siijui. Sitadanganya kwamba sikuona. Niliishika kwa sababu wakati ule ningeshika hata simu ya rais.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, safi, ya mtu aliyekaa penye kivuli. Akamtaja binti yangu kwa majina yote mawili.

"Huyu ni baba yake," nikapiga kelele. "Sema!"

Akasema anapiga kutoka ofisini, kuna mmoja amejitoa, wanataka kumwona binti leo saa nane, je, ataweza? Halafu akasema, "Samahani, kuna kelele sana. Mko wapi?"

Kwa miaka arobaini nilikuwa nimelisubiri lile swali.

"Tuko Malinya, madam! Ikolomani, Kakamega! Fahali wangu amemfukuza wa mulamwa mpaka kwenye maharagwe!"

Wanaume walionisikia wakashangilia. Kule simuni yule mwanamke akauliza:

"Kakamega?"

"Kakamega yenyewe!"

"Lakini hapa imeandikwa Kawangware."

"Kawangware ni kwa binamu yake. Kwao ni huku."

"Sawa, mzee. Sisi tulitaka mtu aliye karibu. Asante kwa muda wako."

"Karibu na nini? Madam! Hiyo dhahabu mnayopima mnaitoa hapa! Mimi nimesimama juu yake! Wewe ndiye uko mbali!"

Nilikuwa naongea na hewa. Alikuwa amekata zamani.

Nikashuka mabegani. Nikapiga ile namba, ikasema haipokei simu. Nikapiga tena, nikapiga mara nyingi, na isukuti zinaendelea na watu wananivuta nikacheze. Mulamwa akaja akanitazama usoni. Hakunitukana. Akauliza, "Nani amekufa tena?"

Binti alinikuta nyumbani mchana, nimemfunga fahali, nimekaa kwenye jiwe la kusagia. Nikamwambia yote, hata habari ya maharagwe. Alikaa chini kwenye nyasi na nguo zake za mjini.

"Ungefikaje?" nikasema. "Saa tatu wanakupigia, saa nane wanakutaka. Ungeruka? Huo wote ni upuzi wa watu wa Nairobi. Hata ningenyamaza hungefika."

"Ningeomba kesho, Baba. Ningesema niko kliniki. Ningesema chochote." Akafungua mkoba, akatoa simu yake iliyotengenezwa, akaiwasha, akaizima. "Wangenisubiri siku moja kama wangejua niko hapo hapo. Wewe umewaambia niko nchi nyingine."

Hakulia. Angelia ningemkemea, ningepata la kufanya. Aliingia ndani akavua zile nguo, akatoka na leso, akaenda kuondoa samadi kwa fahali. Nilimtazama akiondoa samadi, msomi wa kemia, na yule ng'ombe akitafuna kama mwenye boma.

Mke wangu alisema maneno machache usiku huo, na hayo machache siandiki. Kesho yake nilikwenda kwa mulamwa.

"Umekuja kuomba msamaha kwa maharagwe?"

"Nimekuja kukuuzia fahali."

Akacheka, kisha akaona sicheki. "Ana ugonjwa gani?"

"Hana ugonjwa. Ni kile ulichoshindwa kufuga, nakuletea kimefugwa tayari."

"Mulamwa, ukikosa fahali, ukifa je?"

"Nikifa nitakuwa nimekufa. Unanunua ama niende kwa mwingine?"

Alinunua. Hakunipunja, nampa hiyo. Alimwongoza mwenyewe nje ya zizi langu kwa kamba mpya, kamba yangu akanirudishia, na nilisikia ile isukuti ndogo ya vijana wake ikianza kabla hawajafika barabarani. Fahali hakugeuka. Hawageuki, si mbwa.

Kwa pesa hiyo nilipanga chumba Kawangware. Si kwa binamu. Chumba kwa jina la binti yangu, kitanda, jiko, na dirisha linalotazama ukuta. Nilimwambia, "Nenda ukae. Wakikuuliza uko wapi, sema ukweli." Si kwamba nilikubali uongo, uongo bado siutaki. Nilichofanya ni kuufanya usiwe uongo. Lakini fikirieni hilo jambo. Nimeuza mazishi yangu nikanunua anwani. Mwenzake wa Nairobi, aliyesoma naye kemia ile ile na pengine akapata alama za chini, anwani alizaliwa nayo.

Alikaa kule miezi saba akiuza vocha na kufulia watu. Kisha ile ile kampuni ikatangaza tena. Akaandika, wakampigia asubuhi, wakamuuliza, "Unaweza kufika saa ngapi?" Akasema, "Kabla ya saa nne." Akafika saa tatu na nusu. Wakamchukua. Hakuna aliyemuuliza kuhusu Malinya. Aliniambia yule mwanamke wa simu yuko pale, ana roho nzuri tu, wanakula pamoja mchana. Nikamwambia asinisalimie.

Watu wa kanisa waliniambia nitoe ushuhuda. Niseme nini? Nimshukuru Mungu kwamba Nairobi imekubali kumwona mtoto wangu alipohamia karibu na macho yake? Na wa jirani yangu je, ambaye hana fahali wa kuuza? Yuko hapa nyuma ya kisiagi changu, ana diploma ya umeme, anachaji simu za watu.

Mwezi uliopita binti alinipigia. Namba naijua sasa.

"Baba, leo nimepima udongo wa nyumbani. Gunia limeandikwa Malinya."

Nilikuwa kwenye kisiagi. Nikazima mashine ili nisikie vizuri. "Uko na dhahabu?"

"Baba, haturuhusiwi kusema. Majibu ni ya mwenye kulipia."

"Mimi ndiye nimekaa juu ya huo udongo miaka yote hii."

"Najua, Baba."

"Nyingi ama kidogo? Sema moja tu."

"Baba, nitafukuzwa."

Nikamwambia asiseme. Nikawasha mashine.

Vitu nilivyo navyo leo ni hivi. Ekari moja na nusu Malinya, hati iko kwangu. Nyumba ya matofali ya vyumba vitano, mabati, stima imeingia. Kisiagi kimoja, kinafanya kazi. Ng'ombe wa maziwa wawili na ndama. Kuku, sijui idadi. Nyundo mbili na karai langu la tangu utotoni, limetoboka. Suti moja. Kofia ya mafahali. Kabambe ya laini mbili. Chumba Kawangware ambacho si changu na sijawahi kulala ndani yake. Kodi sasa analipa mwenyewe. Kamba ya fahali, nzima. Fahali, hakuna.